Joto Lapigwa Marufuku

"Ijulikane kwa wote, wenye miili mizito na wenye miili myepesi, kwamba kuanzia leo joto limepigwa marufuku ndani ya majengo yote ya umma."

Tangazo hilo tukufu lilisomwa kwa kipaza sauti siku ya soko katika mji wa Montong Sager, kusini mwa kisiwa cha Lombok, jua likiwa la utosi. Msomaji alikuwa Bwana Lalu Sasmita, Mkuu wa Kitengo cha Ubaridi wa Asili, ambaye kwa heshima ya shughuli alivaa suti ya rangi ya mkaa. Alipomaliza, suti ilikuwa imelowa hadi magotini.

"Mamiq," akauliza muuza kahawa mmoja, akimwita kama waungwana wanavyoitwa huko, "joto lenyewe limeshaambiwa?"

"Limepewa notisi," alijibu Lalu Sasmita, wala hakuwa na mzaha.

Utekelezaji ulianza mara moja. Kitengo kiliagizwa kujenga Nyumba ya Mfano kwa udongo, mianzi na nyasi, ipoe yenyewe bila kiyoyozi, kisha wapewe akina mama wa kisomo. Akina mama hao walikuwa wakisomea chini ya banda la bati nyuma ya ofisi ya Lalu Sasmita, mahali ambapo mtu angeweza kukaanga yai juu ya dawati. Wengi walikwisha kukimbia, na mwalimu alionya kwamba wasipopata mahali pa kuvumilika kabla ya kiangazi kukolea, darasa litafungwa. Kiongozi wao, Inaq Rumenah, yaani Mama Rumenah kwa lugha ya huko, mjane anayeuza mboga za plecing zenye pilipili ya kumliza mtu mzima, alisema wameshafika kwenye herufi M na hawana nia ya kufia hapo.

Jaribio la kwanza lilifanywa na wataalamu wa Kitengo. Baada ya vikao vingi waliamua kwamba madirisha yote yaelekee ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kwa adabu. Upepo, ambao haukuwahi kuhudhuria semina ya itifaki, uliendelea kuvuma kutoka upande wa pili. Kuku wa jirani aliingia humo, akataga, akaondoka zake, na mayai yakajiangua yenyewe. Ripoti ilieleza kwamba jengo limeonyesha uwezo wa kuridhisha wa kuhifadhi nishati.

Jaribio la pili waliachiwa akina mama, kwa kuwa bajeti ya vikao ilikuwa imekwisha. Nao walikosea vyao. Ukuta wa kwanza ulitiwa nyasi kidogo mno, ukapasuka, ukaangukia chakula chao cha mchana. Wakacheka hadi alasiri, wakakanda udongo upya. Mianzi waliiloweka mtoni isiliwe na wadudu. Paa la nyasi walilishusha hadi usawa wa kifua ili jua likose pa kuchungulia. Mlango waliufanya mfupi, kama ilivyo milango yote ya Wasasak, wenyeji wa kisiwa hicho, ili mgeni aingie akimwinamia mwenyeji. Sakafu ikawa ya udongo na pumba za mpunga, ikasuguliwa kwa mkono na samadi mbichi ya nyati.

Lalu Sasmita alipoiona ndoo ya samadi, mwili ulimsisimka. Je, siku moja Mkuu wa Wilaya akiamuru maofisa waketi humo wawe mfano kwa wananchi? Mwenye cheo hujikinga mapema. Aliandika kanuni upesi: "Mtu yeyote asiyekuwa mwanakisomo aliyeandikishwa kwa kutojua kusoma haruhusiwi kuketi, kulala wala kujiegemeza ndani ya Nyumba ya Mfano, bila kujali wadhifa wake." Mkuu wa Wilaya akatia saini. Lalu Sasmita akarudi kwenye kiyoyozi chake, akasinzia kama mtoto aliyeshiba.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo Kitengo hakikulitarajia. Mkuu wa Wilaya aliliamini tangazo. Aliamuru viyoyozi vyote ving'olewe maofisini na kupelekwa hospitali, kwa kuwa joto limekwisha kupigwa marufuku na mashine hizo hazina tena kazi.

Ofisi ya Lalu Sasmita ilikuwa ya zege, yenye vioo vikubwa vilivyotazama magharibi na madirisha yaliyojengwa yasifunguke. Kufikia saa nane wino wa mihuri ulikuwa ukichuruzika. Siku moja, akipita kwa bahati mbaya aliyoipanga, alipitisha mkono kwenye mlango wa Nyumba ya Mfano. Ndani palikuwa baridi kama tumboni mwa mtungi. Wala hapakunuka, samadi ilikwisha kukauka na kung'aa kama saruji.

Kesho yake alimweleza Inaq Rumenah, kwa maneno marefu, kwamba maslahi mapana ya umma yanawataka akina mama warudi kwenye bati.

"Mamiq, sisi tungetoka hata sasa hivi," alisema Inaq Rumenah. "Lakini wewe utakaaje humu? Kanuni yako inakukataza. Tusije tukakuponza bure."

Lalu Sasmita aliitisha kikao cha kurekebisha kanuni. Kikao kiliahirishwa kwa sababu ya joto. Kikaitishwa tena, na wajumbe wawili wakazimia kabla ya kumaliza kusoma ajenda.

Ikabaki njia moja. Alasiri moja Lalu Sasmita aliinama, akapita mlango mfupi, akaomba kuandikishwa. Akina mama wakatazamana.

"Lazima tukupime kwanza," alisema Inaq Rumenah, akampa karatasi waliyokuwa wakijifunzia, kwa kuwa vitabu havijaletwa. Ilikuwa ile kanuni. "Hapa pameandikwa nini?"

Lalu Sasmita aliyatazama maneno yake mwenyewe. Jasho likamdondoka juu ya herufi. "Inaq, sielewi neno hata moja."

"Hata sisi hatukuelewa," alisema mama yule kwa upole. "Ingia, mwanangu."

Alikuwa mwanafunzi mwenye bidii, ingawa alipenda kuwasomea wenzake majibu, akaonywa mara kadhaa kwamba akiendelea kujua sana atatolewa nje. Zamu yake ya kusugua sakafu iliangukia siku ambayo Mkuu wa Wilaya alikuja kukagua. Mheshimiwa alipoinama mlangoni, kofia ikamdondoka. Alipoinua macho akamkuta Mkuu wa Kitengo amepiga magoti, mikono imezama kwenye samadi hadi viwikoni.

Mkuu wa Wilaya aliisahau hata kofia. Alibaki pale amefumba macho, ubaridi ukimpanda kutoka kwenye nyayo. Alipokumbushwa kwamba gari linamsubiri, alisema linaweza kuendelea kusubiri.

Inaq Rumenah akamnyooshea ile karatasi. "Samahani, mheshimiwa. Utaratibu. Hapa pameandikwa nini?"

Mkuu wa Wilaya aliitazama kanuni hadi pale chini penye saini yake. Akatazama nje, juani.

"Mama," akasema, "mimi hapa naona vijidudu vyeusi tu."

"Basi karibu nyumbani," alisema Inaq Rumenah. Na Lalu Sasmita, bila kungoja amri, akaisogeza ndoo mbele ya mwanafunzi mpya.