Fomu ya Tanki na Wanachama Tisa

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mvua tangu asubuhi. Maji yote ya bati la kanisa letu dogo yanapita katikati ya bustani, yanaenda zake bondeni. Bernardine, prezida wa kikundi chetu cha bustani, amesimama mlangoni anayatazama kama mtu anayeona ng'ombe wake wanaibwa. Mwezi wa saba kabichi zote zilikauka. Analisha wajukuu wanne kwa bustani hiyo, maana posho ya wakimbizi ilishakatwa. Akaniuliza tena: Mwalimu, ile fomu ya tanki imefika wapi?

Nikamwambia inakaribia kwisha. Uongo! Sijaandika hata jina langu.

Kuna ofisi moja Mbarara inasaidia bustani za jamii. Tanki la lita elfu kumi, mifereji ya bati, mbegu. Fomu ni ya Kiingereza, kurasa kumi na moja. Na katika jumuiya yetu nani anajua Kiingereza? Ni mimi, Léonidas, mwalimu wa zamani wa Rutana kule Burundi, sekretere wa bustani na sekretere wa jumuiya. Nimeikalia wiki tatu, kwa sababu kila jioni Bernardine ananiletea mboga za lengalenga ili nipate nguvu ya kuandika. Fomu ikiisha, lengalenga nazo zitaisha. Ni aibu kuandika hivi, lakini daftari ni langu.

Mwisho wa kupokea fomu ni Ijumaa hii.

Jumanne, 4 Novemba

Ukurasa wa sita. Balaa! Kikundi kiwe na wanachama wasiopungua ishirini, kila mmoja na alama yake ya kidole. Sisi tuko kumi na mmoja.

Bernardine hakufikiri hata dakika. Akasema Valentin ana kikundi cha sungura hapo jirani, kina mama tisa, tuungane nao, hesabu itatimia. Valentin! Jumamosi, sikukuu ya Watakatifu Wote, nani alipewa kusoma somo la kwanza? Valentin, fundi viatu! Tena alisoma vizuri, ndiyo inayoniuma. Nikamwambia mama wa watu asihangaike, hilo nitalishughulikia mwenyewe.

Saa kumi akili ikafunguka. Mimi ndiye ninayetunza daftari la marehemu. Kila Novemba familia zinaleta majina ya watu wao waliofariki, tunawaombea kwenye misa mwezi mzima. Majina mazuri, kamili, na hakuna hata mmoja atakayekuja kugombania kabichi. Nikanakili tisa ya kwanza. Clémence, aliyefariki 2009, nimemfanya mweka hazina. Huyo hataiba.

Kuhusu alama: wale kumi nilishawapitia mchana, wakaweka zao. Gumba langu la kulia likaenda kwa jina langu. Nikahesabu vidole vilivyobaki. Tisa! Nikapiga ishara ya msalaba, nikaona kabisa Mungu yuko upande wangu. Mpaka sasa nanawa, wino hautoki.

Alhamisi, 6 Novemba

Mbarara. Pikipiki mpaka Kabingo, halafu taksi. Fomu imepokelewa!

Aliyeipokea ni Madamu Hanifah, mama wa Kiislamu wa Biharwe, mwenye miwani na maneno machache. Niliogopa atanipa mkono, maana vidole vyangu bado ni vya buluu. Lakini yeye hasalimiani na wanaume kwa mkono. Aliweka wake kifuani, mimi nikauacha wangu mfukoni. Nikashukuru.

Akafungua ukurasa wa sita, akasema nyinyi watu ya kambi ya Nakivale mnajua kujipanga, kwingine wanaleta vidole vimepakazika tu. Nikajibu kwamba sisi tunachukua muda na kila mwanachama.

Nimerudi kama mshindi. Bernardine amenipikia. Kina mama wamenipigia makofi, na nimeyapokea yote, hata yale ya mwisho mwisho.

Jumanne, 18 Novemba

Simu! Madamu Hanifah anakuja kesho kuona bustani. Ayii, Yezu wangu.

Mpango: nitasema wale tisa wamesafiri. Si uongo mtupu.

Jumatano, 19 Novemba

Niandike yote.

Alifika saa nne. Bernardine alikuwa amefagia, amevaa kitenge cha misa, amechagua kabichi tatu za kumfungia mgeni. Tukakaa barazani kwa kanisa. Nikasimama nitoe hotuba yangu ya wasafiri. Madamu akaniambia nikae, yeye anapenda kuongea na wanachama wenyewe. Akatoa ukurasa wa sita. Akasema ataanza na mweka hazina, akasoma kwa sauti: Clémence Nahimana.

Kina mama wakatazamana. Halafu wakainamisha vichwa, wakaitikia wote kwa pamoja: Apumzike kwa amani.

Madamu akashika mdomo. Akasema innalillahi, pole sana, hakujua. Akangoja kidogo kwa heshima, akaendelea na jina la pili. Nehemiya Barandereka. Apumzike kwa amani! La tatu. Apumzike kwa amani! Na kina mama walivyofurahi! Ni Novemba, mgeni ameshika karatasi yenye majina ya marehemu wao, wao wangeelewa nini kingine? Mama mmoja alifuta machozi, akamnong'oneza mwenzake kwamba tazama, Mwislamu ametoka Mbarara yote kuja kutuombea watu wetu.

Mimi nilikuwa natafuta ardhi ipasuke. Haikupasuka.

Kwenye jina la sita Madamu alikuwa amesimama. Akauliza ni ugonjwa gani umeingia hapa, fomu haina hata wiki mbili, je, madaktari wamepewa habari? Hakuna aliyemwelewa. Akasoma la saba, la nane, sauti yake imeshuka kabisa. La tisa: Pacifique Ntakarutimana.

Hapo hakuna aliyeitikia. Bernardine akasema polepole kwamba huyo ni mume wake. Alifia njiani, 2015, wakija huku. Akauliza ni nani amempeleka mume wake Mbarara.

Sikujua! Nilinakili tu yale tisa ya juu. Miaka sita niko jumuiya moja na huyu mama, nimekula lengalenga zake, na sijawahi kumuuliza mume wake aliitwa nani.

Madamu akageuza karatasi, akawaonyesha alama za vidole kando ya majina yale. Mimi nikatazama kabichi. Bernardine hakunitukana. Angenitukana ingekuwa afadhali. Alimfungia mgeni kabichi zake kwenye jani la mgomba, akamsindikiza mpaka kwenye gari, akarudi, akapita mbele yangu kama vile hapakuwa na mtu.

Alhamisi, 20 Novemba

Sikutoka nje. Hakuna lengalenga.

Jumapili, 23 Novemba

Baada ya misa nilisimamishwa mbele ya watu. Nimeomba msamaha kwa familia tisa, moja moja, kwa majina. Jina la Pacifique nililirudia mara mbili. Somo la kwanza lilisomwa na Valentin.

Bernardine alinifuata nje. Amekwisha kumpigia simu Madamu Hanifah, na yule mama ana moyo. Amesema leteni orodha mpya Jumatatu, ya watu walio hai, hata kama hawatimii ishirini, mradi iwe ya kweli. Valentin amekubali bila hata kunisimanga. Kina mama wake wanane wameweka vidole. Wa tisa amerudi Burundi kumuuguza dada yake, na Valentin mwenyewe ameshaandikwa kwenye kikundi cha mafundi viatu. Jumla kumi na tisa. Komite nzima walisema nisiiguse hiyo karatasi. Bernardine akawaambia hapana, Mwalimu ndiye ataipeleka, amwombe Madamu msamaha uso kwa uso, tumalize jambo. Akaniwekea bahasha mkononi.

Nililia, kweli. Sistahili mtu kama huyu. Nimeapa.

Jumatatu, 24 Novemba

Kabingo, nangoja taksi. Mvua. Bahasha haikutiwa gundi, Bernardine ananiamini kiasi hicho.

Nimeitazama orodha. Safi sana, ya kweli tupu. Lakini kumi na tisa! Inakaa kama mdomo uliopoteza jino. Mtu wa ofisi akiona kumi na tisa atasema hawa hawako makini. Mstari wa ishirini uko wazi kabisa, na kalamu ninayo.

Hapana, Léonidas. Umeapa.

Lakini kosa langu lilikuwa nini hasa? Kuandika watu waliokufa. Hilo nimelielewa na sitalirudia mpaka naingia kaburini. Safari hii nimeandika mtu aliye hai, mwenye afya, anayejulikana na kila mmoja pale ofisini, na bustani yetu ameshaikanyaga kwa miguu yake. Namba ishirini: Hanifah, wa Biharwe. Hata kidole sikumwekea. Ataweka mwenyewe, si fomu inafika mezani kwake?