Saa ya Mama Mkononi Mwangu

Wenzangu, leo uso wangu nimeuacha darasa la tatu, shule ya msingi, hapa hapa Kivinje. Atakayeuokota anihifadhie. Mimi siendi kuuchukua.

Naandika haya nimejifungia chumbani. Mama ananiita nikale, najifanya sisikii. (Nasikia vizuri sana. Ni samaki wa kuchemsha na mchicha. Siku hizi kwetu kila siku ni samaki wa kuchemsha na mchicha.)

Ngoja nianze mwanzo, msije mkaipata kwa Bi Hadija ikiwa imeongezwa chumvi.

Mama yangu mnamjua. Asiyemjua kwa sura anamjua kwa pilau, maana harusi za mji huu nyingi sufuria kashika yeye. Mama ni mnene. Nasema kwa mapenzi. Na baba, Mungu amrehemu, alitutoka ghafla: katoka msikitini, kakaa barazani, kasema "kifua," basi. Wakatuambia ni moyo. Tangu siku ile mimi nikilala nasikiliza mama anavyopumua. Ngazi za mlangoni kwetu ni tatu tu. Mama akisimama ya pili kupumzika, mimi huku ndani na mimi nasimama kupumua.

Basi walipokuja watafiti kutoka Dar nilifurahi kuliko mtu yeyote. Wanachunguza unene, chakula na mazoezi, wajue vinaufanyaje moyo. Mama kapimwa, presha juu, kaandikishwa. Kila mshiriki akapewa saa nyeusi ya mpira ya kuvaa mkononi, inahesabu hatua. Na kila nyumba ikatoa mtu mmoja wa kuandika daftari la chakula. Kwetu nikachaguliwa mimi. (Tupo wawili. Uchaguzi ulikwenda haraka.)

Jamani, nilijiona daktari! Mimi Bakari, ambaye matokeo yangu ya kidato cha nne mjomba aliyauliza mara moja na hakurudia, leo natembea na kalamu mfukoni.

Kazi yenyewe sasa.

"Mama, leo mchana umekula nini?"

"Mchicha na samaki."

"Na pale kwenye shughuli?"

"Pale sikula. Nimeonja."

"Umeonja kiasi gani?"

"Pilau ya watu mia mbili inaonjwa kwa ncha ya ulimi? Nimeonja sahani moja. Usiandike. Kuonja si kula."

Sikuandika. Mama ni mama.

Ila kilichoninyima raha ni ile saa. Kila jioni nilikuwa naitazama kwenye kioo chake. Hatua mia nne. Kesho yake mia tatu. Siku moja mia moja na ishirini, na hizo ni za chooni na kurudi! Kisha nikasikia barazani eti asiyetembea ataondolewa kwenye utafiti. Akiondolewa, nani atamfuata nyumbani kumpima presha kila wiki? Usiku ule niliona mama anakaa barazani, anasema "kifua."

Siku ya pili, baada ya alasiri, nikaikuta saa juu ya mfuniko wa ndoo ya maji. Mama yupo nje na wenzake anasuka ukili wa mikeka. Nikaitazama. Na yenyewe ikanitazama. Nikaivaa. (Wizi, najua. Lakini wizi wa mapenzi.)

Nikaenda nayo uwanjani, nikapiga mpira mpaka jua likaregea. Hatua elfu tisa! Kabla ya magharibi nikairudisha juu ya ndoo kama ilivyokuwa. Na kesho yake tena. Wiki tatu nzima mama yangu amekuwa winga wa kulia bila kujua. Chini ya saa kulikuwa na kitaa kidogo cha kijani kinawakawaka. Niliona. Nikadhani ni urembo.

Sasa leo.

Leo ilikuwa siku ya kupewa majibu. Tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mbele kuna meza, kompyuta, na Daktari Neema, dada mpole mwenye sauti ya chini. Nyuma yetu kakaa Bi Hadija, mtani wa marehemu baba, mdomo haujui kufungwa. Na aliyemsindikiza Bi Hadija ni mjukuu wake, Somoe.

Somoe, wenzangu. Somoe anayekaanga mihogo pale kando ya uwanja. Sisemi zaidi. Mtayaona wenyewe.

Tukaitwa, mama na mimi. Daktari anaongea kwa kunong'ona, ili siri ya mgonjwa ibaki siri. Tatizo ni mama. Miaka ishirini ya kuamrisha wapishi kwenye moshi na ngoma imempa sauti moja tu.

"Mama, uzito umepungua," daktari kanong'ona.

"UZITO UMEPUNGUA? ALHAMDULILAHI!"

Darasa zima likaitikia. Nikavimba kichwa. Daftari langu lile!

"Na presha imeshuka kidogo. Lakini kuna kitu kinanipa mashaka." Kageuza kompyuta. Kuna mstari mwekundu unapanda na kushuka kama paa za Kivinje. "Saa hii inasoma na mapigo ya moyo. Kila siku kuanzia saa kumi na nusu jioni, mama, unakimbia. Unakimbia sana. Unafanya nini?"

"SAA KUMI NA NUSU? NAKAA BARAZANI NASUKA UKILI!"

Bi Hadija huko nyuma: "Ukili gani huo wa kukimbiza, shoga? Unausuka huku unaufukuza?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi jasho likaanza kunitoka mgongoni.

Daktari hakucheka. Kasogeza kidole. "Hili ndilo linaloniogopesha zaidi. Saa kumi na mbili kasoro, hatua zinakoma. Mwili umesimama kabisa. Lakini moyo, badala ya kutulia, unaruka juu kuliko wakati wa kukimbia. Kila siku, saa ile ile. Alhamisi ulifika huku juu. Moyo kwenda mbio mtu amesimama tu, mama, si jambo la kupuuza. Naandika rufaa, kesho asubuhi mwende Lindi. Na kuanzia sasa usitembee, upumzike."

Mama safari hii hakupaza sauti. Kanigeukia, kanishika mkono, kauliza polepole: "Bakari. Ni kama wa baba'ko?"

Wenzangu, niliyatazama yale macho. Nilikuwa na uwongo mzuri tayari mdomoni, kwamba saa imeharibika. Ukayeyuka.

"Siyo moyo wako, mama," nikasema. "Ni wangu."

"Unasemaje?" daktari kauliza.

"Saa nilivaa mimi. Jioni nikienda mpirani. Niliogopa atatolewa kwenye utafiti."

Darasa zima likanigeukia. Hata kuku aliyekuwa dirishani kageuza shingo. Daktari kavua miwani, kaifuta, kaivaa tena. Nikadhani sasa nitafukuzwa. Kumbe yeye udaktari umemshika.

"Basi ni wewe nikupime," kasema. "Kijana wa umri wako, umesimama, moyo unaruka hivi? Saa kumi na mbili kasoro huwa uko wapi?"

"Natoka mpirani."

"Unasimama wapi?"

"Pale kando."

"Kando kuna nini?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Jibu, ni afya yako. Alhamisi, kwa mfano. Alhamisi kulitokea nini?"

Alhamisi. Alhamisi Somoe aliniuliza, "Kaka Bakari, nikuongeze pilipili?" Hakuna kingine kilichotokea. Nikasema "ndiyo," na mimi pilipili sili.

"Kuna... mihogo," nikamjibu daktari.

Halafu sauti ya Bi Hadija, taratibu, kama mtu anayefumbua fumbo: "Mihogo? Mihogo ya kando ya uwanja? Ya mjukuu wangu?" Kisha kwa nguvu zote: "Daktari, vunja hiyo rufaa! Dawa yake haipo Lindi, ipo hapa kwenye dawati, imevaa mtandio wa bluu!"

Nilitamani sakafu ipasuke. Akina mama wanapiga madawati. Mmoja kapiga kigelegele! Daktari kafunika uso kwa daftari langu, mabega yanatikisika. Somoe kauvuta ule mtandio mpaka puani. Siwezi kuwaambia macho yake yalikuwaje, sikuyatazama. (Niliyatazama. Hayakuwa na hasira.)

Kicheko kilipopungua, daktari kamgeukia mama. "Sasa, mama, kama zile hatua si zako, na uzito umepungua kweli, mizani haivaliwi na mtoto... wewe hatua zako ziko wapi?"

Hapo ndipo nilipoumbuka mara ya pili.

"Ile saa nikitia udhu naivua," mama kasema. "Maji lazima yafike kwenye ngozi. Naiweka juu ya ndoo."

"Halafu?"

"Halafu naisahau. Nikishaswali alfajiri natoka na Bi Hadija, tunatembea mpaka karibu na Singino, tunarudi jua likichomoza. Kila siku."

"Kila siku!" Bi Hadija kadakia. "Mimi yangu nikimaliza udhu naivaa. Huyu mwenzangu anaihesabisha ndoo hatua."

Nikamtazama mama. "Mbona hukuniambia?"

"Ungenifuata nyuma na kalamu," kasema. "Na mwili huu nitembee mchana, watu wanichungulie? Nilitaka niuzoeze kwanza. Halafu siku moja twende wote, nikuache nyuma, nikuone unavyoshangaa." Kanifuta jasho usoni kwa ncha ya kanga, mbele ya watu wote, kama nina miaka minne. "Na wewe kumbe unaniogopea hivi."

Kwa hiyo wiki tatu mama yangu anatembea kwa miguu yake kuokoa moyo wake, mimi nimelala fofofo, kisha naamka kwenda kumwibia hatua ambazo anazo. Na kwa kumsaidia huko, nusura nimlaze Lindi.

Daktari kafuta hatua zangu za wiki tatu. Mama kabaki kwenye utafiti. Ile habari ya kuondolewa ilikuwa ya barazani tu. Ila kaambiwa saa ikivuliwa kwa udhu irudi mkononi, na daftari liandikwe na kuonja pia. Mama kanitazama jicho kali. Siri hiyo nayo ilikuwa imetoboka, mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka, nikashindwa kuufunga.

Tukatoka. Mlangoni, Somoe kapita kando yangu, hakusimama, kasema kwa chini: "Jioni uje, Kaka Bakari. Pilipili sitaongeza. Nakuonea huruma moyo wako."

Nyumbani, mama kapanda ngazi zote tatu. Hakusimama ya pili. Kafika juu, kageuka, mimi ndiye niliyekuwa nimesimama chini nahema.

Kesho alfajiri natembea nao. Bi Hadija kasema nisiwacheleweshe.

Haya, samaki anapoa, natoka. Mkiamua kunicheka nichekeni taratibu, maana ninyi mioyo yenu mnaijua peke yenu, wangu una mstari mwekundu na Kivinje nzima imeshausoma.