Sauti Ajiunga na Kikundi

Wako watu wanaokula jasho lao, na alikuwapo Sauti, aliyekula jasho la wenzake kwa kutumia mate yake mwenyewe. Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu ya koo lake: sauti nzito, ya taratibu, ya mtu aliyesoma na kushiba. Ukiisikia kwenye simu unajikuta umekaa vizuri. Hakuwahi kutengeneza kompyuta hata moja. Ya kwake ikigoma, aliipiga kofi. Lakini kwa mdomo, jamani, alikuwa ameshatengeneza za mji mzima.

Ofisi yake ilikuwa chumba cha kupanga juu ya banda la muuza kuku. Godoro, feni iliyokosa panga moja, simu kadhaa, na redio ndogo iliyocheza rekodi ya kelele za ofisini: watu wanaongea, simu zinalia, vidole vinabofya. Jogoo wa chini akiwika katikati ya maongezi, Sauti alimweleza mteja kuwa hicho ni king'ora cha virusi. Na waliamini. Mtu akishaingiwa na hofu haulizi king'ora kimepata wapi mdomo.

Asubuhi hiyo alikuwa ametukanwa mara kadhaa, na mzee mmoja alikuwa amemwombea dua mbaya, ndipo namba iliyofuata ikapokelewa na mwanamke aliyeongea kama mtu mwenye pini mdomoni. Kweli alikuwa na pini mdomoni. Alikuwa Mama Cherehani, fundi wa nguo, na mbele yake kulikuwa na gauni la bibi harusi asiye na subira.

"Habari za asubuhi, mteja wetu mpendwa. Unaongea na injinia mkuu wa Kitengo cha Ufundi. Tafadhali usishtuke."

Ukitaka mtu ashtuke upesi, mwambie asishtuke. Pini zikamwagika.

"Kuna nini tena, baba?"

"Kompyuta yako imeingiliwa. Tangu jana inatutumia ishara mbaya."

"Ndiyo maana imekuwa nzito!" akasema Mama Cherehani. Alikuwa na kompyuta ya mkononi iliyopita mikononi mwa watu wengi, ambayo aliitumia kuwaonyesha wateja mishono. Ilikuwa nzito kwa uzee tu, basi.

Sauti akamwelekeza kwa upole: bofya hapa, shuka chini, fungua pale. "Unaona alama nyekundu?"

"Naziona! Mungu wangu, zimejaa!"

"Hizo ndizo."

Ndugu msomaji, hata kwenye kompyuta iliyotoka kiwandani jana utazikuta alama hizo. Ni malalamiko madogo madogo ya mashine, na mashine nayo ina haki ya kulalamika. Hayaui mtu. Lakini Mama Cherehani hakuwa na wa kumwambia hivyo, maana aliyekuwa naye sikioni ni Sauti.

"Sasa pakua programu nitakayokutajia, ili niione kompyuta yako kutoka huku niisafishe."

"Bando limekwisha, baba."

"Nunua basi!"

"Mwenye duka la vocha kaenda msibani."

Sauti akasaga meno kimyakimya. Akabadilisha njia. "Sikiliza, mama. Kabla ya adhuhuri hela zako zitakuwa zimeyeyuka. Akaunti ya benki unaifungulia kwenye hiyo hiyo kompyuta?"

"Ya kwangu haina kitu. Lakini hela za kikundi! Jamani, hela za wanawake wenzangu!"

Sauti akainuka kwenye godoro. Hela za kikundi! Alizoea kuokota punje moja moja, na leo panya huyu kaonyeshwa ghala. Akapunguza redio.

"Nipe namba ya siri, mama, niifunge akaunti kabla hawajaingia. Usikate simu. Na usimwambie mtu, maana mwizi anaweza kuwa wa karibu."

"Nitakupaje? Mimi ninacho kipande changu tu."

Ndivyo kikundi kilivyojipanga. Namba ya siri ilikatwa vipande vitatu: kimoja cha Mwenyekiti, kimoja cha Mama Cherehani aliyekuwa mwekahazina, na kimoja cha Msusi aliyekuwa katibu. Siku ya kutoa hela, kila mmoja alibofya chake huku wenzake wamegeukia ukuta. Hawakufanya hivyo kwa sababu ya elimu ya mtandao. Hawakuaminiana tu, na kwa maoni yangu huo ndio msingi wa urafiki unaodumu.

Sauti akakwama. Kazi yake yote ilimtaka mtu awe peke yake, na hofu yake, na simu sikioni. Lakini tamaa ilishampanda kichwani.

"Haya, waone hao wenzako. Haraka! Na simu isikatwe!"

Mama Cherehani akavuka barabara, futi ya kupimia ikipepea shingoni, mpaka kwenye meza ya Mwenyekiti. Mwenyekiti aliuza mitumba. Mwanamke huyo angeweza kukuuzia koti lisilo na mkono mmoja, nawe ukaondoka unashukuru kwa kupunguziwa joto. Alisikiliza hadithi yote huku akikunja suruali. Kisha akaichukua simu, akaifukia chini ya rundo la masweta, akainama.

"Nani kampigia mwenzake?"

"Yeye."

"Kitengo cha ufundi cha nani?"

"Hakusema."

"Kakuitaje?"

"Mteja mpendwa."

"Shoga yangu, benki ukiipigia wewe unachezewa muziki mpaka unasinzia. Leo wakukumbuke wenyewe, tena kwa mapenzi? Hata mumeo hakuiti mpendwa."

Akaifukua simu, akaikata. Halafu kwa simu yake mwenyewe akapiga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi ya benki. Muziki ukalia, ukalia, mpaka akapata nafasi ya kuuza kaptula. Mwishowe binti wa benki akapokea, akamsikiliza, akasema, "Mama, sisi hatupigi simu kumwuliza mtu namba ya siri. Wala hatumwambii mtu apakue kitu ili tuichungulie kompyuta yake. Anayekuharakisha na kukukataza usiwaambie wenzako, huyo ni mwizi. Akipiga tena, kata."

Mama Cherehani akakaa juu ya robota la mitumba. "Nilikuwa nampa, wallahi. Ningekuwa na namba yote ningempa. Na mwezi huu ni zamu ya Msusi! Ningemwambia nini mwenzangu?"

Msusi mwenyewe alikuwa anakuja, kitana kimechomekwa kwenye nywele zake, baada ya kusikia kelele. Zamani alikuwa na saluni yenye kioo kirefu na madraya ya kukaushia nywele. Sasa alisukia barazani kwake, akiwaambia wateja kuwa anapenda upepo. Wanakikundi aliwaambia saluni aliifunga kwa sababu ya mgongo kumwuma, mumewe alimwambia ni mwenye nyumba aliyemtoa. Zamu hii ndiyo ilikuwa tumaini lake la kuifungua tena.

Simu ikalia. Mwenyekiti akaiweka kwenye spika, wote wasikie.

"Mteja wetu mpendwa, laini ilikatika! Virusi vinazidi!"

Msusi akaishika meza. Akabonyeza, akaikata mwenyewe.

"Ndiye," akasema.

"Ndiye nani?"

"Ndiye aliyenimaliza. Si mgongo. Si mwenye nyumba. Alinipigia na maneno hayo hayo, nikapakua hiyo programu yake, nikamwangalia anahamisha kodi ya saluni yote mbele ya macho yangu, mshale unatembea wenyewe. Nikaona aibu kusema." Akalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. "Mtu mzima mimi!"

Mwenyekiti hakumwambia nyamaza. Alimwuliza tu, "Kiasi gani?" Msusi akamnong'oneza. Mwenyekiti akashusha pumzi ndefu, akaweka kando suruali zake.

"Tuifungie namba yake?" akauliza Mama Cherehani.

"Bado. Huyu ana mali yetu mkononi. Hatoki dukani nayo."

Simu ilipolia tena akaipokea kwa sauti ya bibi mnyonge. "Injinia, mimi ndiye Mwenyekiti."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wenzangu wamekubali, vipande vyote utapata. Ila wewe msomi unajua kuliko sisi: hizi akaunti za vikundi, namba ikiandikwa na asiye mwanachama, si zinajifunga?"

Sasa angalia mtego huo. Sauti hakujua. Mwizi wa kawaida angeuliza, "Zinajifungaje?" Lakini injinia mkuu amwulize muuza mitumba? Haiwezekani. Uongo ni kazi ya kujisimamia, ukishajipa cheo lazima ukivae.

"Bila shaka zinajifunga," akasema. "Nilikuwa nawapima kama mnajua."

"Basi ndiyo maana nikasema tukuandikishe. Kiingilio si kikubwa. Kitengo chenu kitakurudishia, au siyo?"

"Kitarudisha. Kuna fungu maalumu."

Akatuma kwenye laini aliyotajiwa kuwa ya mpokea ada. Simu ya Msusi ikalia tini! Sauti hakuitambua namba. Alikuwa amepiga nyingi mno maishani.

Kwa malipo hayo akapewa kipande cha kwanza, ambacho Mama Cherehani alikitunga hapo hapo kwa kutazama futi yake. Kilikuwa kipimo cha kiuno cha bibi harusi.

"Cha pili!" akadai Sauti.

"Taratibu, mwanangu. Mfumo humtambua mwanachama kwa hisa, si ndiyo?"

"Hisa, naam. Ndiyo lugha ya mfumo."

"Na wenzako wametoa tangu mwaka uanze. Wewe umeingia leo. Si utawafikia kwanza?"

Hapo Sauti alisita. Lakini mtu aliyekwisha kulipa kiingilio ana uchungu wa kiingilio. Alijiambia hiki ni chambo, samaki ni mkubwa. Akatuma. Tini! Akapewa kipande cha pili, na wakati anakiandika mkononi jogoo wa chini akawika kwa nguvu zake zote.

"Faini," akasema Mwenyekiti.

"Faini ya nini, mama?"

"Kelele kwenye mkutano."

"Hicho ni king'ora cha virusi!"

"King'ora, jogoo, faini ni moja. Usipolipa jina lako linafutwa, tunaanza upya na kiingilio."

Akalipa. Mama Cherehani alikuwa amejifunika uso kwa sweta la mtu, mabega yanaruka.

"Bado kimoja," akasema Sauti, na ile sauti ya kushiba ilikuwa imeanza kukauka.

"Kimoja tu. Ila kuna mchango wa dharura. Mwenzetu mmoja aliibiwa, na kila mwanachama anamchangia."

"Aliibiwa na nani?"

"Na mtu wa simu."

"Siku hizi watu ni wabaya sana," akasema Sauti. Na alisikitika kweli, maana mchango ulikuwa mkubwa. Ulikuwa ndio akiba yake yote, ile aliyoivuna kwa miezi. Akafikiria ghala lile, hela za wanawake wote, mlango umebaki kidogo tu ufunguke. Akatuma.

Tini!

Mwenyekiti akafunika simu. "Imetimia?"

Msusi akatazama kioo cha simu, akatazama tena. "Imetimia. Yote niliyoibiwa. Na faini imezidi."

"Faini ni chai yetu," akasema Mwenyekiti, akampa Sauti kipande cha mwisho.

Wakakaa wakisubiri. Walikuwa wamekwisha kuagiza chai simu ilipolia.

"Mama, namba imekataa!"

"Imekataa? Pole, mwanangu."

"Nimejaribu mpaka imenifungia! Nirudishieni hela zangu! Matapeli wakubwa nyinyi!"

"Kumbe umetapeliwa?" Mwenyekiti akaongea kwa huruma kabisa. "Basi usione aibu. Nenda polisi sasa hivi. Waeleze yote: ulimpigia nani, ulijiita nani, ulikuwa unataka nini."

Redio ya ofisi ilikuwa imezimwa, kuku tu ndio waliosikika. Kisha ikaja sauti ambayo mtaa wake usingeitambua, nyembamba, ya mtu aliyekauka koo.

"Mama, nimebaki sina hata ya kula. Sasa nifanyeje?"

Msusi akanyoosha mkono, akapewa simu.

"Nami nilikuuliza hivyo hivyo, siku ile," akasema. "Ukacheka."

"Wewe nani?"

"Msusi."

Sauti akafikiri. Alifikiri kwa bidii, kwa kweli. "Msusi yupi?" akauliza.

Hakuna tusi ambalo lingewaumiza zaidi. Mama Cherehani aliacha kucheka. Msusi akakata simu, akachomoa kitana kwenye nywele zake, akaenda kituo cha polisi na ile namba, akasimama kaunta akaeleza kila kitu kwa sauti ya kusikika hadi kwenye benchi la nyuma. Jioni akamweleza mumewe.

Saluni ikafunguliwa. Siku ya kwanza alimkalisha kitini mwalimu mmoja wa shule, akaanza kumsuka huku anamsimulia kisa chote kuanzia programu ile hadi jogoo, bila kuficha kitu. Mwalimu alicheka mpaka machozi. Kisha yale machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha, na Msusi akaacha kusuka.

"Hata mimi, dada," akasema mwalimu. "Na sijamwambia mtu."