Kubana Matumizi kwa Lugha Mbili

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Balaa! Mzee Hassanali katangaza mauzo yameshuka, duka halibebi tena vijana wawili. Mmoja abaki, mmoja arudi kwao. Wa kuamua ni mwanawe Mohsin, aliyefika jana kutoka Beira, Msumbiji. Hiza, mwenzangu wa kaunta, kanywea kama kuku aliyenyeshewa. Mimi? Nani hapa Korogwe ana kichwa kama changu? Kidato cha pili niliacha mwenyewe, walimu walikuwa wananichelewesha. Mpango: Mohsin kazoea Kireno na Kiingereza. Nitambania matumizi kwa lugha zote mbili.

Jumanne, 7 Oktoba
Kutwa na simu chini ya kaunta. Hiza kapima, kabeba, kafagia. Mimi nimebeba maneno. Budget cuts. Cost reduction. Kireno ndicho kitamu: corte, kukata, austeridade, kujibana. Mohsin alipopita nikamrushia austeridade. Kasimama! Kauliza nitabana nini hasa. Nikasema asubiri siku ya gulio. Hiza kasema maneno hayajazi gunia. Wivu tu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Siku ya gulio, nimekata nyongeza! Lile konzi la sukari tunalomtupia mteja mizani ikishatulia. Bure, tangu enzi za babu yake Mohsin! Wa kwanza kuja ni mama Bernadina wa Lutindi, anayewanunulia majirani zake wote. Nikapima, nikafunga mfuko. Kasubiri. Nami nikasubiri. Kauliza, mwanangu, umeumia mkono? Nikamwambia shikamoo yake ipo palepale, ila sukari sasa ni austeridade. Kauliza huo ugonjwa umeingia lini Korogwe. Kamwaga sukari yote guniani, kavuka barabara hadi dukani kwa mama Bhanumati, na Lutindi nzima nyuma yake. Huko wanatupiwa makonzi mawilimawili! Gunia letu halijapungua hata punje. Kuna aliyenipongeza? Hakuna.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimeitwa. Mzee kanuna, kasema konzi lile ndilo lililojenga duka. Mohsin mpole kabisa. Kauliza, kupunguza wafanyakazi Waingereza wanasemaje? Nikajibu bila kupumua: retrenchment! Na Wareno? Redução de pessoal! Kasifu matamshi. Kisha kanipa nauli ya Kwedizinga, kwetu. Hiza kacheka mpaka kashikilia mizani. Eti, kaka, mtihani umefaulu, kazi ndiyo imefeli. Mshamba!

Jumapili, 12 Oktoba
Nyumbani. Mama kanionyesha jembe kabla ya kiti. Lakini Mungu hamtupi mja wake! Dada Munira anaolewa Jumamosi, na kamati ya harusi inalia bajeti imezidi. Wamekaa tangu asubuhi, hawana mtaalamu. Nikasimama, nikawaamkia wazee, nikawamwagia Kiingereza na Kireno chote. Wote wakanikodolea macho! Heshima ya namna hii Korogwe sijawahi kuiona. Mjomba Athuman kauliza, sasa tupunguze nini, baba? Nikawaambia waniachie mimi.

Naanza na pilau.