Mbwa Sina, Nina Slugi

Jumapili, 17 Januari

Siku kumi na nne kabla ya mbio za sungura. Lamha amekonda vizuri mno! Slugi wa damu, mwindaji wa jangwani mwenye miguu mirefu, sharti aonyeshe mbavu tatu, ndivyo babu zetu walivyowapima. Leo asubuhi nimezihesabu kwa kidole. Tano! Bibi yake aliyekamata swala peke yake hakuvuka nne.

Nikaenda mkahawani kutangaza. Belgacem alikuwepo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwenye slugi dume aitwaye Sahm, yaani Mshale. Jina kubwa, mbio za kobe. Akaniuliza kama Lamha namlisha au namfungisha. Nikamwambia anakula kuliko wewe. Na ni kweli: jana sahani mbili za kuskusi, nusu ya mkate, na kandambili moja.

Mke wangu Mahbouba hapendezwi. Lamha anakula kama yuko harusini, anakonda kama yuko matangani, kasema. Nimemjibu kwamba hajui slugi, hakukulia kwa watu wa slugi. Amekulia nyumba ya tatu kutoka hapa.

Jumatatu, 18 Januari

Punje za wali kwenye blanketi la Lamha. Ni blanketi langu pia, tunalitumia wote. Mbwa ni najisi, hulala nje, hubweka ovyo, hana ukoo. Slugi si mbwa. Slugi ana nasaba ndefu kuliko yangu, na hulala ndani tangu enzi za mahema.

Nikamkaripia Mahbouba: nani kampa slugi wali? Akasema nyumba hii haijapika wali tangu binti yetu Selma aolewe Sfax. Nikaokota punje moja iwe ushahidi. Ushahidi ukatembea kiganjani! Nilipiga ukelele, Belgacem akauliza ng'ambo ya ukuta nani amefariki.

Sasa nimeelewa. Husuda! Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemvalisha Lamha kiganja cha fedha na mkia wa samaki mkavu shingoni, kinga ya jicho baya. Kufikia alasiri kiganja kipo. Mkia ameula.

Jumanne, 19 Januari

Amekuja daktari wa mifugo. Binti wa kutoka kaskazini, jina lake Nejia, daftari kubwa, buti za mpira. Anaandikisha mbwa nyumba kwa nyumba, Alhamisi atagawa dawa ya minyoo bure sokoni. Belgacem kasimama mlangoni pake, masikio yote kwangu.

"Ami Amor, una mbwa wangapi?"

Nikamwambia mbwa sina. Akachungulia begani kwangu. Lamha alikuwa amelala chali juu ya mto wangu, miguu hewani. Na yule je? Nikasema yule ni slugi. Akasema, kwa adabu kabisa, kwamba minyoo haisomi nasaba. Belgacem akacheka mpaka akapaliwa. Baada ya hapo ningesemaje? Mwanamume ana uso mmoja tu. Nejia akaandika sifuri. Akaenda kwa Belgacem. Naye hana mbwa. Sifuri ya pili!

Alikuwa akiuliza pia kama Idi ya kuchinja kuna aliyewatupia mbwa maini yenye mifuko ya maji. Mimi sikumtupia mtu. Ini la kondoo wetu lilikuwa na mifuko minne, mchinjaji akasema lifukiwe. Ini zima, lifukiwe! Nilimlisha Lamha kwa mkono wangu, na bismillahi juu. Ni tofauti kabisa na kutupa.

Jumatano, 20 Januari

Nitamtibu mwenyewe. Mbegu za maboga, vitunguu saumu sita, kijiko cha harisa ya Mahbouba, ile pilipili ya kusaga inayowaliza wageni. Nikatwanga. Nikampa Lamha akiwa mapajani mwangu, nami nimevaa joho la sufu la harusi yangu ili aone jambo hili lina heshima.

Joho limeanikwa. Mahbouba anasema harufu hiyo haitoki tena.

Alhamisi, 21 Januari

Hila kubwa! Dawa hutolewa kwa mbwa. Basi nipate mbwa. Kuna koko mmoja wa manjano, hana mwenyewe, hushinda kwenye mitende yetu akila tende zilizooza. Nikamfunga kamba, nikampeleka sokoni. Hesabu yangu: napewa kidonge, natia mfukoni, narudi kwa Lamha, nani atajua?

Nejia akafurahi kuniona. Akaandika: Amor, mbwa mmoja, rangi ya manjano, namba arobaini na moja. Akamvalisha utepe mwekundu wenye namba hiyo. Nikanyoosha mkono nipewe kidonge. Akasema, "Hapana Ami, kinamezwa hapa hapa mbele yangu." Akamshika koko taya, akamtumbukizia. Koko akameza, akajilamba, akanitazama kwa mapenzi makubwa.

Nimemtibu mbwa wa mitaani. Sasa ananifuata. Kalala mlangoni mwangu na utepe wake, na kila apitaye ananipongeza kwa mbwa mpya. MBWA SINA!

Jumamosi, 23 Januari

Siandiki sana leo.

Nilimtoa Lamha mazoezini nyuma ya mitende. Nikamrushia ngozi ya sungura. Akakimbia hatua thelathini, akapunguza, akasimama, akalala mchangani. Sijapata kuona slugi akilala katikati ya mbio. Nilipomfikia alitikisa ncha ya mkia, kama anayeniomba radhi. Yeye aniombe mimi radhi!

Nilimbeba mikononi hadi nyumbani. Zamani nilimbeba hivyo akiwa mtoto, na leo uzito wake haukuzidi sana ule wa siku zile. Mbavu sikuzihesabu. Nililia, na koko akatufuata nyuma kichwa chini.

Mahbouba hakunisimanga. Aliketi tu, akanikumbusha baba yake, aliyepasuliwa mfuko wa maji ndani ya ini, ukubwa wa komamanga, na hakuamka. Akasema, "Baba Selma, mficha maradhi kilio humfichua. Sema neno moja tu, huyu mnyama apone. Neno moja litakuua?"

Sijui. Labda.

Jumapili, 24 Januari

Nejia amehamia kijiji cha pili, leo siku yake ya mwisho. Nikaona bora huko, hakuna anayenijua. Nikavaa joho (harufu haikutoka), nikamficha Lamha ndani yake, nikafunika kichwa, nikapanda mkokoteni wa punda.

Foleni ndefu. Mbele yangu mtu mnene kavaa joho kama langu, kajifunika hadi puani. Unene wake ukapiga chafya. Kisha mkia ukachomoza chini ya pindo. Mkia wa Sahm! Nikamgusa bega. Tukatazamana, wazee wawili wazima.

"Umekuja kufanya nini hapa?" akaniuliza Belgacem.

"Napunga upepo. Na wewe?"

"Upepo pia."

Akafunua joho kidogo. Sahm ana mbavu sita. Belgacem naye macho yalikuwa mekundu. Alikuwa na ini lake la Idi, masikini, na hakutaka lipotee bure. Tukaapa kwa chumvi tuliyokula pamoja: hakuna atakayemtangaza mwenzake.

Zamu yake ikafika. Akamnong'oneza Nejia kitu. Nejia akasema hasikii. Akanong'ona tena. Wapi! Mwishowe akapaza sauti, "Mbwa! Ni mbwa!" akatoka haraka bila kunitazama.

Zamu yangu. Nejia kalamu juu. "Niandike nini, Ami?" Lamha alikuwa akinitazama usoni. Miaka mitano sijawahi kulitamka neno lile mbele yake, hata nikiwatukana wengine. Nikaziba masikio yake kwa mikono miwili.

Nikasema, "Mbwa."

Nejia hakucheka, na Mungu atamlipa kwa hilo. Akampima, akampa dawa, akamkuna shingo. Akanieleza kwamba zile punje ni vipande vya tegu anayekaa matumboni, na yupo mwingine mdogo asiyeonekana kwa macho, huyo ndiye hupita kwa mbwa akaingia kwenye maini ya watu. Kinyesi kifukiwe, mikono ioshwe, mbio hakuna. Akanipa karatasi yenye maagizo yote.

Lamha hakunitazama njia nzima.

Jumatano, 27 Januari

Ameiba mkate! Mzima, wa moto, kutoka mkononi mwa Mahbouba, akaruka nao ukuta hadi kwa Belgacem. Mahbouba alimkimbiza na ufagio huku anacheka na machozi yanamtoka. Mimi nafukia kinyesi asubuhi na jioni, kwa heshima zote. Ng'ambo ya ukuta nasikia sepetu nyingine ikichimba. Hatusalimiani saa hizo.

Jumapili, 31 Januari

Mbio. Lamha kabaki nyumbani, Sahm pia. Mimi na Belgacem tulisema wamepata mafua.

Slugi kumi na wawili waliachiwa. Sungura akakata kushoto, akakata kulia, akawapita wote, akageuka kuelekea kwetu watazamaji, moja kwa moja hadi kwa koko wangu. Siyo wangu! Koko aliyekuwa amelala kando ya muuza mikate. Akafumbua jicho, akafungua mdomo, sungura akaingia.

Kelele! Mwamuzi akauliza mwenye mbwa huyu ni nani, aje achukue kondoo wa zawadi. Nejia alikuwepo, amerudi kutazama mbio, akasoma namba arobaini na moja, akafungua daftari. Mbwa wa Ami Amor!

Watu wote wa slugi wakanigeukia. Watoto wa watu wenye nasaba zao, wamevaa majoho safi. Kondoo alikuwa mnene, pembe mbili nzuri. Mahbouba alinifinya mgongoni. Mwamuzi akauliza mara ya pili. Nikasikia sauti yangu ikisema, kubwa na wazi, "Mbwa sina!"

Belgacem akainua mkono taratibu. Akasema koko wa mtaa wetu ni wa mtaa wetu, yeye hana haya, atamchukua. Akaondoka na koko na kondoo.

Jumatatu, 1 Februari

Lamha ana mbavu tatu. Tatu kamili! Nimehesabu mara mbili.

Belgacem amechinja. Ujirani ni ujirani, ametuletea ini zima kwenye sinia lililofunikwa, hata yeye hakulitazama. Mahbouba akafunua. Mifuko mitatu ya maji. Akanipa sepetu na ini, akasema nichimbe shimo refu, nisirudi nalo.

Nipo nyuma ya nyumba. Shimo tayari. Lamha kaja, kaketi mbele yangu kwa adabu, shingo kainyoosha. Tangu siku ile ya foleni hajanitazama hivi. Nilimwita neno baya mbele za watu, na yeye hana wa kumshtakia. Haki yake ya kuombwa radhi bado iko kwangu. Kipande kidogo tu, cha upande usio na mfuko.

Nimetoa karatasi ya Nejia, nimeisoma polepole, mbele na nyuma. Mbwa wasipewe maini. Mbwa wasipewe mapafu. Mbwa, mbwa, mbwa.

Slugi hakutajwa popote.