Joto la Samaki Aliyekufa

Wenzangu wa kikundi chetu cha Mamboleo, leo nimeaibika mpaka nimekosa pa kuuweka uso. Nawaandikia mwenyewe kabla hamjaletewa habari na midomo mingine.

Mnanijua. Shule niliiachia darasa la nne, na bado nimejenga chumba cha baridi cha samaki hapa Asembo Bay. (Waliosoma wana vyumba vingapi? Haya.)

Mwezi uliopita Injinia Atieno alikuja kutafuta ukubwa wa mtambo wa baridi. Akaliingiza jengo langu lote kwenye kompyuta: kuta, bati, jua la mchana, taa, hata pumzi za wafanyakazi. Akaniletea hesabu kwa karatasi. Mstari wa mwisho: joto la samaki. Huo peke yake ulishinda mingine yote ukiijumlisha!

"Atieno, samaki amekufa. Umeona wapi maiti yenye homa?"

"Mzee, huyo ametoka juani. Hilo joto lazima mtambo ulitoe."

Nikachukua biro nyekundu, nikakata mstari. Akarudia hesabu, kompyuta ikakubali mtambo mdogo. Nikajiona profesa.

Leo asubuhi tukafungua. Mnunuzi kutoka Nairobi alikuja kupima: chumba kikishika baridi, atachukua samaki wa akina mama wa hapa kila siku. Nikawagawia wageni makoti. Ndani mlikuwa na baridi ya Limuru! Mnunuzi akatetemeka. Nikafurahi.

Saa saba Mama Adhiambo na wenzake wauza samaki wakaingiza samaki wa mbuta, kreti baada ya kreti, moja kwa moja kutoka mitumbwini. Mlango ukafungwa. Nikahutubia. (Nilihutubia sana.)

Saa kumi tukaingia tena. Mchungaji, niliyemwita kubariki chumba, ndiye aliyeanza kuvua koti. Kisha mnunuzi. Mtambo ulikuwa unanguruma kama ng'ombe anayezaa, na kipimajoto kinasema nyuzi kumi na tisa. Harufu sitaieleza.

"Ni huyu msichana na kompyuta yake!" nikapiga kelele.

Hapo ndipo nilipojimaliza.

Atieno alikuwa hapo hapo kati ya wageni. Alitoa ile karatasi mkobani, akampa mnunuzi, naye akasoma kwa sauti, polepole, kama anasoma tanzia: "Joto la samaki. Limekatwa kwa biro nyekundu. Pembeni imeandikwa: Hakuna, amekufa." Chini, sahihi yangu. (Ile yenye mkia mrefu.)

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka!

Mnunuzi akakunja koti, akanipa, akaenda kwenye gari lake.

"Baba," Mama Adhiambo akaniuliza, "sasa kesho samaki yetu tutapelekea nani?"

 Akina mama wakaanza kutoa kreti moja moja, wakawasha moto pale nje, wakakaanga samaki waliokuwa hawajaharibika. Wengine tumewafukia. Mimi nilishika jembe.

Kesho asubuhi naenda kumpigia Atieno magoti. Mnaotaka kucheka, ngojeni kwanza akubali kurudia hesabu.