Umejuaje?

Jumatatu, 12 Mei 2025

Chepngeno wangu wa gredi ya sita amekuja na kitabu. Swali la Mwalimu Masese: kwa nini tunachuma majani mawili na chipukizi tu? Jibu nilimpa mimi jana: karani wa kupima majani anakataa jani la tatu. Leo chini yake hakuna tiki. Kuna wino mwekundu: "Umejuaje?" Amejua ni mimi! Mtoto ataitwa mwizi wa majibu, na mtihani ni Oktoba. Shirley wa jirani yangu Magdaline yuko shule ile nyingine, kitabu chake ni tiki juu mpaka chini. Magdaline hanionyeshi. Anakisahau tu kwa meza yangu, kikiwa wazi.

Jumanne, 13 Mei

Mpango. Nimemwambia Chepngeno aweke kosa kidogo, jibu lionekane la mtoto. Amekataa. Ati mwalimu anataka wafikirie. Nikamuuliza watafikiria saa ngapi, na mtihani unapimwa na saa. Alipoenda kuteka maji nimelikata jibu mwenyewe, nikaandika "majani matatu" kwa mkono wa kushoto ili mwandiko ufanane na wake. Haukufanana.

Alhamisi, 15 Mei

Kitabu kimerudi. "Na hii je, umejuaje? Mama aje." Nimeenda nimevaa sweta ya kuazima ya Magdaline. Kabla hata ya kukaa nimeungama yote, pamoja na mkono wa kushoto. Mwalimu ni kijana mpole. Amesema hakuna mwizi hapa, kila mtoto anamuuliza hivyo, hata aliyepata jibu. Kisha akaniuliza mimi kama nimewahi kumuuliza karani sababu.

Miaka ishirini na mbili nachuma chai. Sijawahi. Nilidhani kuuliza ni kazi ya wenye wamesoma.

Akanifungulia ukurasa wa nyuma. Chepngeno amechemsha vikombe viwili, kimoja cha chipukizi, kingine cha jani la tatu, akaonja. Ameandika: la tatu ni gumu, maji yake hayana nguvu, karani ako sawa, lakini nataka kwenda kiwandani nione. Na mimi juzi nilimgombeza kwa kumaliza kuni. Nimeangalia dirishani muda mrefu. Mwalimu naye akaangalia dirishani.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeamka na akili mpya. Ukurasa ule wote nimeunakili kwa karatasi, nikabandika juu ya kitanda chake. Ataukariri neno kwa neno mpaka Oktoba. Hakuna atakayesema ameiba, jibu ni lake mwenyewe. Chepngeno ameusoma, akanitazama, akauliza polepole: na kwa mtihani wakiuliza maziwa badala ya chai? Nimemwambia asiwe na wasiwasi, ng'ombe tuko naye. Leo aonje, kesho tunakariri.